Dawa ya kunguni, watoto wetu na funzo la ua la piretri

Ndugu wasikilizaji, na ninyi mnaotusoma kwenye simu, kuna swali moja linaloingia kila mara katika ujumbe wenu, na si la siasa wala la vita. Ni hili: dawa gani ya kunguni haitadhuru watoto? Linatoka kwa kina mama walio kambini, kwa familia zinazolala watu wanane katika chumba kimoja kwa jamaa, na kwa wale waliorudi kijijini wakakuta nyumba imebaki na wadudu peke yao. Kwenye redio tunajibu kwa dakika moja. Leo ninachukua nafasi ya kutosha, kwa sababu jibu lina sehemu mbili: ile inayotuhusu sisi tunaonunua, na ile kubwa zaidi, inayowahusu wale wanaotengeneza.

Neno lenyewe linatuchanganya. Kwa Kiswahili chetu kila kitu ni dawa. Kidonge cha malaria ni dawa. Klorini ni dawa ya maji. Kile ambacho mkulima ananyunyiza shambani ni dawa ya viazi. Mtoto anayesikia kila siku kwamba dawa inaponya hawezi kujua kwamba ile iliyofichwa nyuma ya sufuria ni sumu.

Tembea sokoni utaiona. Muuzaji ana meza ndogo yenye nyembe, sumu ya panya, kiberiti na betri. Dawa ya kunguni iko katika chupa ndogo iliyokuwa ya maji ao ya soda. Haina karatasi. Imepimwa kutoka katika bido la dawa ya mashamba, ile wanayonyunyizia nyanya na kabichi. Kipimo ni kifuniko cha chupa. Ukiuliza ni dawa gani, jibu ni moja: ni ya kunguni, mama, inaua kabisa. Na kweli inaua.

Tusimcheke mama anayenunua chupa hiyo. Ambaye hajawahi kulala na kunguni wiki tatu mfululizo hajui uchovu huo. Mtoto anajikuna mpaka anatoka damu, vidonda vinaingia uchafu, mama analala ameketi. Chupa ndogo inauzwa bei ya kilo ya unga ao chini yake. Mtu yeyote angenunua.

Nami nina sababu yangu ya kuandika haya. Wakati kambi za pembeni mwa Goma zilikuwa zimejaa, dada yangu mdogo aliishi katika moja yao na watoto watatu, baada ya kukimbia vita katika Masisi. Kibanda chake kilikuwa cha miti na shitingi, kimesimamishwa juu ya mawe ya volkano. Mtu mzima akilala, miguu inagusa mlango. Ndani ya nafasi hiyo walilala, walipika mvua iliponyesha, na waliweka unga, maji na nguo. Kunguni walikaa katika majani makavu waliyotandika chini ya mkeka ili mawe yasiwachome mgongo.

Siku moja dada aliuza makala kidogo akanunua chupa. Hakuwa na bomba la kunyunyizia, akachovya fagio la majani na kurushia dawa kila pembe. Alikusudia kungoja nje mpaka harufu iishe. Mvua ikaanza, wakaingia. Usiku yule wa mwisho, wa miaka miwili, alianza kutoka mate mengi, jasho na machozi. Mboni za macho zikawa ndogo kama tundu la sindano. Mwili ukatetemeka, akahema kwa shida.

Nilipofika alfajiri kwa pikipiki, walikuwa tayari katika kituo cha afya. Muganga alikuwa ameamuru mtoto avuliwe nguo zote na kuoshwa kwa maji na sabuni, kisha akamdunga atropini, akarudia tena na tena. Mtoto alipona. Muganga alinieleza kwamba hii haikuwa dawa ya nyumba, ilikuwa ya shamba, ya jamii inayoitwa organofosfati. Inazuia kiini kimoja cha mwili ambacho kazi yake ni kutuliza mishipa baada ya kila amri. Mishipa ikikosa kutulia, tezi zinamwaga maji, misuli inatetemeka, na mwishowe pumzi inakatika. Aliongeza kwa sauti ya chini kwamba mtoto mwingine, aliyeletwa siku chache mbele ya wetu kutoka upande mwingine wa kambi, alifika akiwa amechelewa.

Nilimtafuta muuzaji nikiwa na hasira. Nikakuta kijana wa miaka ishirini hivi, naye mhami, ngozi ya vidole imechubuka, anapima bila glavu kwa sababu glavu hana. Alinionyesha bido lenyewe bila kuficha kitu. Lilikuwa na karatasi ya Kifaransa na Kiingereza yenye herufi ndogo. Inasema: vaa glavu, barakoa na viatu vya mpira. Usile wala kunywa wakati wa kazi. Oga baadaye. Weka mahali palipofungwa na ufunguo, mbali na watoto na chakula. Usitumie ndani ya nyumba.

Kila neno la karatasi hiyo ni kweli. Lakini lisome ukiwa umesimama mlangoni pa kibanda cha dada yangu. Ufunguo ufunge nini, shitingi? Mbali na chakula ni wapi, ikiwa unga uko hatua moja kutoka kitandani? Kuoga kwa maji gani, ikiwa mama amepanga mstari saa mbili kupata bido moja la maji? Aliyeandika maonyo yale alikuwa na mtu mwingine kichwani: mkulima mwenye shamba, nyumba, ghala na bomba. Sumu ilisafiri mpaka kwetu. Ufunguo na bomba vilibaki njiani.

Hapa ndipo sehemu ya pili ya jibu inaanza. Kuna njia mbili za kupunguza hatari ya kitu kikali. Ya kwanza ni kuwaweka watu mbali nacho: glavu, kufuli, maonyo. Ya pili ni kukifanya kitu chenyewe kiwe na ukali mdogo tangu siku kinapotengenezwa. Njia ya kwanza inategemea kila mtu, kila siku, bila kukosea. Vita vikija, inavunjika siku ya kwanza. Njia ya pili inabaki hata kama karatasi imebanduka, hata kama anayetumia hajui kusoma, hata kama mvua imewalazimisha kuingia.

Wanakemia wameipa njia hii ya pili jina: kemia ya kijani. Mwaka 1998 Wamarekani wawili, Paul Anastas na John Warner, walitoa kitabu chenye kanuni 12 za kazi hiyo. Sitazitaja zote. Moja inasema kitu kitengenezwe ili kifanye kazi yake huku madhara yake kwa viumbe wengine yakiwa madogo iwezekanavyo. Nyingine inasema kikimaliza kazi, kivunjike kiwe kitu kisichodhuru, kisibaki katika udongo na maji. Nyingine inasema vitu vya kutumia kiwandani vichaguliwe ili hata ajali ikitokea isiue watu.

Hiyo ya mwisho ina kaburi kubwa nyuma yake. Usiku wa tarehe 2 kuamkia 3 Desemba 1984, katika mji wa Bhopal nchini India, gesi iitwayo methili isosianeti ilitoroka kutoka katika tangi la kiwanda cha dawa ya wadudu cha Union Carbide. Waliokuwa karibu zaidi na ukuta wa kiwanda ni maskini, katika vibanda. Maelfu walikufa. Gesi ile haikuwa hata dawa yenyewe, ilikuwa kitu cha katikati, kilichowekwa akiba kwa wingi kingoje kutumiwa. Dawa ileile inaweza kutengenezwa kwa njia nyingine isiyopitia gesi hiyo. Kitu ambacho hukukiweka hakiwezi kutoroka.

Kanuni ya kuvunjika nayo ina historia, na jina lake ni DDT. Mwaka 1939 Mswisi Paul Müller aligundua kwamba kitu hicho kinaua wadudu kwa nguvu ya ajabu. Mwaka 1948 alipewa tuzo ya Nobel. Kilisifiwa kwa sababu mbili: hakikumdhuru mtu papo hapo, na kilidumu. Unapaka ukuta mara moja, kinaua miezi mingi. Kudumu kule ndiko kulikogeuka kuwa tatizo. DDT haiyeyuki katika maji, inayeyuka katika mafuta. Mdudu anaibeba, samaki anakula wadudu wengi, ndege anakula samaki wengi, na kila hatua kiasi kinaongezeka. Maganda ya mayai ya tai yakawa mepesi, yakavunjika chini ya mama. Mwaka 1962 mwandishi Rachel Carson aliwafungua macho Wamarekani kwa kitabu chake juu ya dawa hizo, na mwaka 1972 nchi yake ikapiga marufuku matumizi yake mashambani. Mkataba wa Stockholm wa mwaka 2001 umeibana dunia nzima, isipokuwa katika kupambana na mbu na wadudu wengine wanaoleta magonjwa. Mpaka leo mabaki yake yanapatikana katika miili ya watu ambao hawakuwahi kuishika.

Basi tutafute dawa inayojua kumaliza kazi na kuondoka. Wengi wenu mnaosoma haya mmekwisha kuishika mikononi.

Koko yangu, mama ya baba, alilima piretri kwenye milima ya Masisi. Wakenya na Watanzania wanaiita pareto. Ni ua jeupe lenye moyo wa njano, linalopenda baridi ya juu, mita 1,800 na zaidi. Halikuzaliwa huku. Kwao ni pwani ya Dalmatia, katika nchi ambayo leo ni Kroatia. Wakati wa Wabelgiji lililetwa Kivu, na milima ya Masisi, Rutshuru na Lubero ikalizoea. Watoto tulichuma maua kila wiki mbili hivi, tukayaanika juu ya mikeka, kisha mnunuzi akaja na mizani yake. Fedha zilichelewa, wakati mwingine hazikuja kabisa. Lakini koko hakuuza yote. Alisaga konzi chache akanyunyiza unga wake katika gunia la maharage na chini ya kitanda. Alituambia tusiuvute puani, basi. Nyumbani kwake sikujua kunguni.

Ndani ya ua hilo kavu kuna sehemu moja ao mbili katika mia ya kitu kiitwacho piretrini. Mdudu akikigusa, kinaingia katika mishipa yake na kuzuia milango midogo inayofunguka na kufungika ili ujumbe upite. Milango inabaki wazi, mdudu anatetemeka, anaanguka. Sisi pia tuna milango hiyo. Tofauti ni kwamba mwili wa mtu ni mkubwa, una joto, na una ini linalovunja piretrini haraka kabla haijafika mbali. Na juani haidumu: mwanga unaivunja kwa muda wa saa chache. Kwa mfanyabiashara huo ni udhaifu. Kwa mama mwenye mtoto anayetambaa, huo ndio uzuri wake wote.

Wanakemia walijifunza katika ua hili. Mwaka 1924 Hermann Staudinger na Leopold Ruzicka walitangaza walivyochunguza umbo la piretrini. Mwaka 1949 Mmarekani Milton Schechter na wenzake walitoa nakala ya kwanza iliyotengenezwa kwa mikono ya watu, aletrini, ambayo baadaye iliingia katika vidonge vya mzunguko vya kufukiza mbu. Nayo ilivunjika juani kama mama yake. Kisha mwaka 1973, katika kituo cha Rothamsted kule Uingereza, Michael Elliott na wenzake walitoa permetrini, nakala inayovumilia jua. Mwaka uliofuata wakatoa deltametrini. Jamii hiyo yote inaitwa piretroidi.

Hapo fikiri kama fundi. Kuvumilia jua ni jambo jema ao baya? Inategemea ni wapi. Ikinyunyiziwa shambani karibu na mto, ni baya, kwa sababu piretroidi zinaua samaki kwa kiasi kidogo sana, na nyuki pia. Ikifungwa ndani ya uzi wa chandarua, ni jema, kwa sababu haitembei, inamgonga tu mbu anayekuja kuigusa.

Wengine mnakumbuka vyandarua vya zamani. Kila miezi 6 mpaka 12 ilipaswa kuvichovya tena katika dawa. Kina mama walimimina dawa katika beseni, wakachovya kwa mikono, wakaanika, na maji yaliyobaki yakamwagwa popote. Wengi hawakurudia kuchovya, na chandarua kikawa kitambaa tu. Kisha mafundi wakatengeneza chandarua ambacho dawa imeingizwa katika uzi tangu kiwandani, kinachopaswa kuvumilia kufuliwa mara 20 na kutumika miaka 3 hivi. Beseni la dawa likatoweka nyumbani. Hakuna aliyehitaji kumfundisha mama kuvaa glavu, kwa sababu kazi iliyohitaji glavu ilikwisha ondolewa mikononi mwake. Nchi yetu ni ya pili duniani kwa wagonjwa wa malaria, nyuma ya Nigeria, na vitanda vyetu vimejaa vyandarua hivyo. Huo ni usalama uliofikiriwa kabla, na mnalala chini yake kila usiku.

Lakini kazi haikuisha hapo. Mbu walizoea. Katika sehemu nyingi za Afrika, na kwetu pia, wengi wao sasa wanagusa piretroidi na kuruka zao. Hapo wanakemia walirudi katika jambo la kale: mwaka 1940 ilijulikana kwamba mafuta ya ufuta yakichanganywa na piretri yanaiongezea nguvu, ingawa yenyewe hayaui. Yanazuia mwili wa mdudu usiivunje dawa. Kwa kufuata njia hiyo walitengeneza kitu kiitwacho piperonili butoksidi, na tangu mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani limekubali vyandarua vyenye vitu hivyo viwili pamoja mahali ambapo mbu wamezoea.

Nisieleweke vibaya. Sisemi kwamba kitu cha kiwandani ni kibaya na kitu cha porini ni kizuri. Tumbaku ni jani, lakini maji ya tumbaku iliyochemshwa, ambayo wafugaji wengine wanapaka mbuzi, yana nikotini inayoweza kupenya ngozi na kumwua mtu. Mtupa ni mmea wa shambani, na wavuvi wanaujua kwa kulevya samaki wa mto mzima. Hata piretri inaua samaki, na inaweza kumbana kifua mwenye pumu. Mambo ya kuuliza kuhusu dawa yoyote, ya porini ao ya kiwandani, ni haya: inamdhuru nani zaidi ya mdudu, na inakaa muda gani?

Na wakati mwingine jibu bora halina sumu hata kidogo. Katika nchi za Balkani, upande uleule lilikotoka ua la piretri, watu wa zamani walitandaza majani mabichi ya maharage kuzunguka kitanda usiku. Asubuhi waliyakuta yamejaa kunguni, wakayachoma moto. Mwaka 2013 watafiti wa Marekani walieleza sababu: jani la maharage lina vinyweleo vilivyopinda kama ndoana, vinavyochoma miguu ya kunguni na kumnasa palepale. Walijaribu hata kutengeneza ngozi ya plastiki yenye ndoana kama hizo. Iliwakwaruza kunguni, lakini haikuwanasa kama jani. Hicho ni kitu cha ajabu kwetu sisi wa Kivu, tunaokula majani hayo na mbegu zake kila siku. Jani halimalizi kunguni wote, linanasa tu wale wanaopita juu yake, na linapaswa kuwa bichi. Lakini halijaua mtoto yeyote.

Joto pia ni silaha isiyo na bei kubwa. Kunguni na mayai yake hawavumilii nyuzi 50. Maji yanayochemka juu ya miti ya kitanda na katika mianya, nguo na blanketi zilizochovywa katika maji ya moto, mkeka uliofungwa ndani ya plastiki nyeusi na kuachwa kwenye jua kali siku nzima na kugeuzwa: hayo yanafanya kazi kuliko wengi wanavyofikiri, hasa majirani wakikubaliana kufanya siku moja. Kibanda kimoja kikisafishwa peke yake, wadudu watarudi kutoka cha pili. Majani makavu ya kulalia yachomwe, yaletwe mapya.

Ukilazimika kununua dawa, shika haya. Usinunue iliyohamishwa katika chupa nyingine, hata kama ni rahisi. Tafuta ile iliyofungwa na kiwanda, iliyoandikwa kwamba ni ya nyumba, na umwombe anayejua kusoma akusomee. Usitumie dawa ya shamba ndani ya nyumba, hata tone. Chandarua kifuliwe ndani ya beseni, na maji yake yamwagwe katika shimo mbali na ziwa, mto na kisima. Na kisitumiwe kuvulia samaki, kwa sababu kinakamata hata vifaranga na dawa yake inabaki majini.

Mtu akipatwa na sumu, mtoeni hewani, mvueni nguo zilizolowa, mwosheni kwa maji mengi na sabuni. Msimlazimishe kutapika, wala msimpe maziwa ao mafuta. Mkimbizeni kwenye kituo cha afya pamoja na chupa yenyewe, ili muganga ajue anapambana na nini. Wahamasishaji wa afya wa mtaa wenu, wale tunaowaita reko, wanaweza kuwasaidia kupata pikipiki usiku.

Hayo ni yetu. Lakini nakataa hesabu inayoweka mzigo wote juu ya mama wa kibandani. Kuna watu waliotoa uamuzi kabla yake. Kiwanda kinaweza kuchagua kitu chenye ukali mdogo. Kinaweza kutia ndani yake kitu kichungu sana, ambacho mtoto atakitema mara moja akikionja: kitu cha namna hiyo kinajulikana tangu mwaka 1958, na kiasi kidogo sana kinatosha. Kinaweza kufunga dawa katika vipimo vidogo vyenye kifuniko kigumu kwa mtoto, ili muuzaji asiwe na sababu ya kupima kwa kifuniko cha soda. Mwenye kuleta mzigo mpakani anaweza kuulizwa karatasi. Na shirika linaloleta shitingi na sabuni kambini linaweza kuuliza wahami kunguni wanawasumbua vipi, kabla hawajajijibu wenyewe kwa chupa ya sokoni.

Milima ile ya juu ilikokuwa piretri, wengi wenu mliikimbia mkiacha mashamba. Sijui nani atayalima kesho. Ninachojua ni kwamba ujuzi wa ua lile haujabaki kule, uko kambini na mjini, katika vichwa vya watu wazima walioketi bila kazi. Wakiulizwa, watawaambia vijana lini ua linachumwa na namna gani linakauka bila kuoza. Dunia inayotafuta dawa zinazoondoka bado inanunua piretri.

Na wewe utakayekwenda sokoni wiki hii, mwulize muuzaji kitu kimoja kabla ya kutoa franka zako: hii ilitoka katika bido gani? Asipoweza kukuonyesha, rudisha chupa mezani. Mwenye swali lingine atuandikie, tutalipeleka kwa waganga na kuwasomea jibu hewani.